Programu za pesa zikaguliwe kwa hesabu

Mwaka juzi mama mmoja muuza samaki wa soko la Ferry alinijia na simu mkononi. Rejesho lake la mkopo lilikuwa limekatwa kwenye simu, lakini saccos yao haikuwa imelipata. Programu ya saccos ile niliiandika mimi. Nilikesha siku mbili ndipo nikaona: programu ya kupokea malipo inangoja jibu la programu ya daftari, nayo ya daftari inangoja jibu la ya malipo. Tulikuwa tumeijaribu mamia ya mara, ikapita. Mkwamo wa namna ile huja pale tu jumbe mbili zinapopishana kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Tangu siku ile siamini majaribio peke yake.

Dawa ipo, tena ya zamani. Mwaka 1978 Mwingereza Tony Hoare alichapisha lugha ya kuandika mazungumzo ya programu, ambayo baadaye ilipewa msingi wa hesabu. Ukishayaandika hivyo, kompyuta inaweza kupitia kila mpishano wa jumbe katika maandishi hayo, yaani modeli yako, hata ule usioufikiria. Mfano ni huu: mwaka huohuo Roger Needham na Michael Schroeder walitoa utaratibu wa watu wawili kutambuana mtandaoni kwa jumbe za siri. Ulikaa miaka 17 mikononi mwa wataalamu. Mwaka 1995 Gavin Lowe akaonyesha tundu lake: tuseme Asha anaanza mazungumzo na tapeli bila kujua kuwa ni tapeli, tapeli anamgeukia Juma akijifanya Asha, majibu ya Juma anayapeleka kwa Asha ayafungue, na Juma anaridhika. Mwaka uliofuata Lowe aliuandika utaratibu ule kwa lugha ya Hoare, na programu ya ukaguzi iitwayo FDR ikaitoa njia ya tapeli hatua kwa hatua. Tiba ilikuwa Juma kutaja jina lake kwenye jibu. Basi.

Kweli, modeli si programu yenyewe, na kuiandika kunakula wiki kadhaa. Wiki hizo zilipwe. Viongozi wa saccos, kabla ya kusaini mkataba wa mfumo wa malipo, mwambieni fundi awaonyeshe modeli yake na matokeo ya ukaguzi. Akikosa, msisaini.

Yule mama alirudishiwa shilingi 40,000 zake siku ya sita. Siku zote hizo hakuwa na mtaji wa kwenda mnadani.