Pikipiki Ijuayo Mbio na Taratibu



Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia chuoni mama mmoja mjane wa hapa Igurwa pamoja na mwanawe, kijana tuliyemsomesha Juzuu Amma miaka mingi iliyopita. Mama huyo alikuwa ameuza kahawa ya misimu miwili na ndama mmoja, na fedha zake amezifunga katika pindo la kanga. Akakaa mkekani, akasema:

"Maalim, huyu anataka pikipiki ya kukimbia. Mimi nataka pikipiki ya kunichukua polepole mpaka hospitali ya Nyakahanga kupimwa presha. Fedha ni hizi hizi. Tufanye nini?"

Kijana akainamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Maalim, mimi nataka itakayoweza yote mawili."

Tulikuwa karibu kumkemea, kwa kuwa twajua vijana wanaposema "yote mawili" mara nyingi humaanisha moja, lile walipendalo. Lakini tulipolifikiri neno lake, tuliona kwamba ndilo swali lenyewe. Na kwa kuwa hapana nyumba siku hizi, katika Karagwe na Kyerwa, ambayo kijana wake hajaota pikipiki, twaona si vibaya tuyaandike hapa tuliyowaambia siku ile, pamoja na mengine tuliyoyakumbuka walipokwisha kuondoka.

Kwanza tazameni njia zetu. Kutoka Kyaka mpaka Bugene ipo lami, na kijana aliye peke yake juu ya lami hawezi kulaumiwa akitamani upepo. Lakini ukiiacha lami umeingia katika udongo mwekundu, vilima na mabonde, na njia za migombani ambazo mvua za Septemba hadi Desemba, na tena za Machi hadi Mei, huzifanya kuwa kama sabuni. Chombo kile kile asubuhi hupakia gunia la maharage kwenda mnadani Omurushaka, adhuhuri hurudi kitupu, na usiku huitwa kumchukua mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Mwendo wa namna tatu katika siku moja! Basi pikipiki ijuayo mwendo mmoja tu, hapa kwetu, ni nusu ya pikipiki iliyonunuliwa kwa bei kamili.

Sasa tuseme juu ya injini, maana hapo ndipo vijana wanapopotea. Wao huuliza, "Ni cc ngapi?" na wakijibiwa 150 huridhika. Walakini injini mbili zenye ukubwa mmoja zaweza kuwa na tabia mbili, kama ndugu wawili wa tumbo moja. Iko Boxer ya Bajaj iitwayo 150, ambayo ujazo wake khasa ni sentimita mchemraba 144.8. Hiyo hutoa nguvu za farasi zipatazo 12 injini inapozunguka mara 7,500 kwa dakika, lakini uwezo wake mkubwa wa kuvuta huupata mapema, kwenye mizunguko 5,000. Na iko Yamaha R15, ile ya cc 155 ambayo vijana huweka picha zake katika simu. Hiyo hutoa nguvu za farasi zipatazo 18, nayo ni ajabu ya ufundi; ila nguvu hizo zimewekwa juu kabisa, kwenye mizunguko 10,000. Anayetaka kuzipata sharti injini ilie kwa sauti ya juu, na mpandaji ainame kama anayetafuta sindano. Katika kiwanja cha mashindano ni sawa. Nyuma yake akiwapo mama mwenye presha, na mbele yake kilima chenye matope, nguvu zile haziwezi kuchotwa, kwani hapana awezaye kupanda kilima kile kwa mbio hizo.

Kwa hivyo tulimwambia kijana wetu asiulize nguvu ni ngapi, bali aulize zinaanzia wapi. Injini inayoanza kuvuta chini itakupa taratibu, na ukiwa peke yako kwenye lami itakupa mbio pia, si za kujivunia barazani, lakini za kutosha kukufikisha. Ile inayovuta juu tu itakupa mbio na kukunyima taratibu. Hesabu yake ni nyepesi.

Haya si maneno ya kusoma tu. Sisi wenyewe, katika ujana wetu, tuliazimwa pikipiki ya mipigo miwili, ile namna ya kutoa moshi wa buluu. Kwenye kilima ilikuwa dhaifu, imelala. Tukaiongeza mafuta, haikuamka. Tukaongeza tena, mara ikaamka yote kwa pamoja, gurudumu la mbele likaangalia mbinguni. Mpaka leo goti la kulia hutukumbusha siku ile kila tukaapo tahiyatu. Tangu hapo tumejua kwamba nguvu ijayo kwa ghafla ni mbaya kuliko nguvu iliyo kidogo.

Na asidhani mtu kwamba mafundi wakubwa wa dunia hawakuliona hili. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ya Japani walitoa CG125. Waliona kwamba katika nchi kama zetu watu hupakia kupita kiasi na huchelewa kubadilisha mafuta ya injini, na vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbio vilikuwa vikiharibika. Basi wakaacha ule mnyororo mwembamba wa ndani unaozungusha vali kwa juu, wakatumia vijiti vya kusukuma, utaratibu wa kizamani usiopenda mbio nyingi lakini mvumilivu. Na cheni ya nje wakaifunika kabisa isipate vumbi. Injini ile imeigwa sana na viwanda vya China, na nyingi katika pikipiki za bei nafuu zilizopita katika barabara zetu ni wajukuu wake. Honda hao hao, tangu mwaka 1958, walikuwa wakitengeneza Super Cub, kijipikipiki kilichoanza na cc 50 tu, kisicho na klachi ya mkono. Kufikia mwaka 2017 walikuwa wametengeneza milioni 100. Hapana chombo kingine chenye injini kilichotengenezwa kwa wingi namna hiyo, na ni wachache mno waliokinunua kwa ajili ya kushindana.

Kijana alituuliza: "Je Maalim, nikinunua ya 125, nitajuta?" Swali zuri. Kwa anayebeba mtu mmoja na mizigo ya wastani, 125 kama TVS HLX yatosha, na mafuta hula kidogo. Kwa anayepanda vilima vyetu na gunia kila siku, 150 haichoki upesi, kwa sababu haikamuliwi mpaka tone la mwisho. Sisi tulielekea kwenye 150 ya kazi, lakini hatukuapa.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, nalo ni meno ya sproketi. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42: injini itazunguka mara tatu gurudumu lizunguke mara moja, ukiacha hesabu ya gia. Ukiweka ya mbele yenye meno 15, zile mara tatu zitakuwa 2.8, chombo kitapata mbio kidogo zaidi na kupoteza mvuto kidogo. Ukiweka 13, kinyume chake. Basi tabia ya pikipiki yaweza kusogezwa upande wa taratibu au upande wa mbio kwa kipande cha chuma kinachoenea katika kiganja, bila ya kununua pikipiki nyingine. Mwulizeni fundi mwaminifu kabla ya kubadilisha, na mwulizeni pia kama vipuri vya chombo hicho vyapatikana Kayanga au Omurushaka, maana pikipiki inayongojea kipuri kutoka Dar es Salaam haina mbio wala taratibu.

Sasa majaribio. Vijana wakienda dukani huwasha, hupiga resi mara mbili tatu, wakasikia mlio, wakatoa fedha. Hivyo sivyo. Mbio hujaribiwa na kila mtu, jaribuni taratibu. Kaa kitini: je, nyayo zako zote mbili zafika chini? Mrefu aweza kudharau jambo hili, lakini katika matope mguu ndio nguzo. Washa injini ikiwa baridi, kwa kiki, uiache ingurume yenyewe bila kuongezwa mafuta. Kama yazimika au yatetemeka kama mgonjwa wa homa, uliza sababu. Kisha tia gia ya kwanza, uende mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, hatua hamsini, bila kuweka mguu chini. Rudia ukiwa umempakia mtu. Klachi yafaa ivutike kwa vidole viwili na kuachia kwa ulaini. Chombo kinachorukaruka katika mwendo huo kitakuangusha siku ya mvua, hata kama kwenye lami kinaruka kama ndege.

Na breki! Kitu kinachokwenda kilomita 60 kwa saa kina msukumo wa kuvunja mara nne, si mara mbili, ya kile kinachokwenda 30. Kwenye 60 unapita karibu mita 17 kwa kila sekunde, na sekunde moja ndiyo hiyo ya kushituka kabla mkono haujagusa breki. Mbuzi wa jirani hangoji. Na kuna tabia mbaya iliyoenea katika miteremko yetu, ya kuzima injini na kuachia chombo kiteremke chenyewe ili kuokoa petroli. Breki za kawaida za pikipiki hizi, zile za bakuli, zikishikwa kwa muda mrefu hupata moto na kulegea, na wakati huo hapana injini ya kusaidia. Mtelemko uteremkwe kwa gia ile ambayo ungepandia. Petroli iliyookolewa chini ya kilima kimoja haijai kikombe cha kahawa.

Kwa kina mama twaongeza neno ambalo katika maduka ya pikipiki halisemwi kabisa. Wengi wao hukaa upande mmoja, nao wamevaa buibui au kanga ndefu. Nguo ikishikwa na cheni au spoki, humvuta mtu chini kabla dereva hajajua kilichotokea. Basi tazama kifuniko cha cheni kama kipo na kimekaza (madereva wengine hukitoa kwa kuwa hupiga kelele!), na upande wa kukanyagia umwekee chuma cha kuegesha miguu yote miwili. Nguo ikusanywe na kukaliwa kabla ya safari. Na fedha za pikipiki zihesabiwe pamoja na kofia ngumu mbili, si moja. Uchunguzi wa nchi nyingi uliokusanywa pamoja mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ile ya abiria isiwe ya mapambo inayoning'inia kwenye usukani.

Yule kijana alikuwa pia amezungumziwa habari ya mkataba: tajiri hutoa pikipiki, kijana humpelekea fedha kila siku au kila juma, mpaka siku zitimie iwe yake. Hatuwezi kusema kila mkataba ni mbaya. Wapo waliotoka nao salama, na sharti zake za bei na deni yafaa zisomwe mbele ya mtu anayejua fikihi ya biashara. Lakini tumewaona vijana wetu magharibi ikiingia, fedha ya tajiri haijatimia, wakiruka kilima kwa kilima kutafuta abiria wa mwisho. Mbio zile hazitoki katika injini. Chombo kiwe cha taratibu namna gani, deni likimpanda dereva kitakimbia. Ndiyo sababu tulimsifu mama yule kwa ndama wake, ingawa twajua maziwa yatapungua nyumbani.

Wasomaji wa Qur'ani wanajua kwamba katika wasia wa Luqman kwa mwanawe umo wasia juu ya mwendo, na ndani yake hakuamrishwa kusimama. Kijana wetu aliukumbuka kabla hatujamaliza kuutaja, tukafurahi kuwa Juzuu Amma haikuwa mwisho wa masomo yake.

Walinunua ya 150 ya kazi, nyekundu, na meno ya sproketi wameyaacha kama yalivyotoka kiwandani. Ijumaa iliyopita tuliwaona wakipita mbele ya msikiti, mama kaketi upande, buibui limekusanywa, kofia imemfunika mpaka nyusi. Kijana alipunguza mwendo akatutolea salamu, na injini haikurukaruka. Baada ya sala alitujia akilalamika kidogo kwamba kwenye lami wenzake wanampita. Tukamwuliza mama alisemaje. Akasema mama hana neno, ila anataka kile chuma cha miguu kisogezwe juu kidogo.