Kabla ya Sumu, Funikeni Pipa

Julai 2015, kwenye njia ya waenda kwa miguu katikati ya Toronto, rakuni mmoja alikutwa amekufa. Gari la jiji la kuuondoa mzoga lilichelewa kwa saa nyingi, na kabla halijafika wapita njia walishamwashia marehemu mishumaa, wakamwekea maua, kadi za rambirambi na picha kwenye fremu. Wakampa na jina: Conrad. Mwaka uliofuata jiji hilohilo likaanza kugawa mapipa mapya ya taka za jikoni, mradi wa dola milioni 31 za Kanada, yaliyobuniwa makusudi ili jamaa zake Conrad wasiambulie kitu.

Rakuni, kwa asiyemfahamu, ni mnyama wa Amerika ya Kaskazini, mkubwa kidogo kuliko paka, mwenye mkia wa pete nyeusi na utepe mweusi unaopita machoni. Mali yake kubwa ni mikono. Vidole vyake vya mbele ni virefu na vyepesi mno kuhisi. Mtoni hupapasa chini ya mawe akitafuta kaa, macho yameelekea kwingine kabisa. Hula karibu kila kitu: mayai, vyura, mahindi, matunda, mabaki ya piza. Mnyama wa namna hii mji haumtishi hata kidogo. Kwake ni shamba lisilo na mlinzi.

Swali linalosumbua miji mingi duniani ni hili: mnyama wa porini akishahamia kwetu na kuzidi, tumfanyeje? Jibu la haraka ni kumuua. Sisemi jibu hilo ni haramu. Ninachopinga ni kulitanguliza.

Tazama Ujerumani. Huko rakuni hakuwa mwenyeji. Aprili 1934 jozi mbili ziliachiwa kando ya ziwa la Edersee, jimbo la Hesse, kwa ombi la mfugaji wa wanyama wa manyoya na kwa mkono wa afisa misitu. Kuna kisa kinachopendwa sana kwamba amri ilitolewa na Hermann Göring, kigogo wa utawala wa Hitler. Si kweli, ila kinanogesha magazeti. Mwaka 1945 bomu likaangukia shamba la manyoya mashariki mwa Berlin, na wengine wakapata upenyo wa kutoroka. Leo mjini Kassel, si mbali na lile ziwa, rakuni hupanda kwa mabomba ya maji ya mvua, wakajipenyeza chini ya vigae na kuzaa juu ya dari za watu. Huko mashambani wanalaumiwa kwa kumaliza vyura na kobe wa majini ambao tayari walikuwa wachache.

Wajerumani hawakukaa kimya. Katikati ya miaka ya 1990 wawindaji wao walikuwa wakiua rakuni elfu chache tu kwa mwaka. Sasa wameshavuka 200,000 kwa mwaka mmoja. Hesabu hiyo hutajwa kama ushahidi wa bidii, nami naisoma kama ushahidi wa kushindwa, kwa kuwa huwezi kuua wengi zaidi kila mwaka bila wao kuwepo wengi zaidi. Mnyama wa aina hii hufidia pengo: wakipungua leo, waliobaki wanapata chakula kingi, watoto wengi wanapona, na msimu ujao nafasi zote zimejaa.

Wajapani walimpata kwa mlango mwingine kabisa. Mwaka 1977 runinga yao ilionyesha katuni ya kijana na rakuni wake, Rascal. Watoto wakalia wapewe wa kwao, wazazi wakanunua, na rakuni wakaingizwa nchini kwa wingi. Kitoto cha rakuni kinapendeza; mkubwa wake anauma, anararua makochi na hafungiki ndani. Basi wengi wakawaachia msituni. Walichosahau wazazi wale ni kwamba hadithi yenyewe inaishia na kijana akimrudisha mnyama porini kwa kuwa kumfuga kulishindikana. Sheria ya kuzuia kuwaleta na kuwafuga ilianza kufanya kazi mwaka 2005. Wakati huo walikuwa wameshaenea karibu nchi nzima, hadi kwenye mahekalu ya kale ya Kyoto, ambako nguzo zimebaki na alama za kucha zao.

Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha yake ya kwanza ya viumbe vamizi. Rakuni yumo. Yumo pia kwarara mweupe, ndege wetu wa Afrika aliyepelekwa Ufaransa kupamba bustani za wanyama akatoroka. Na kwenye orodha hiyohiyo yupo mmoja tunayemjua sisi watu wa pwani kuliko tunavyopenda: kunguru mwenye shingo ya kijivu.

Naye hakujileta. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ili ausafishie mji taka zake. Yaani tulimwajiri. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa, na tangu hapo pwani nzima ni yake. Fika Feri ya Magogoni, Dar es Salaam, asubuhi wavuvi wanapopakua. Kunguru wamejipanga juu ya mabati, kimya, wanamtazama mparuaji samaki. Matumbo yakitupwa pembeni hayamalizi dakika. Muuzaji akigeuka kutafuta chenji, dagaa juu ya meza wamepungua. Wafugaji wanajua habari ya vifaranga, na ndege wadogo wa asili wanalipa zaidi, kwa kuwa mayai na makinda yao ni kitoweo chake cha kila siku.

Ndiyo maana Januari 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilipotangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha, kwa kutumia sumu ya Starlicide, watu wengi wa pwani walishangilia. Nami sina machozi ya kumlilia kunguru. Penye ndege wa asili wanaotoweka kwa sababu ya mgeni tuliyemleta sisi, kumpunguza ni wajibu wetu, na wanaodai kila kiumbe aachwe tu wanasahau kwamba makinda anayoyameza nayo ni viumbe. Lakini Zanzibar walishapita njia hiyo. Miaka ya 1990 kunguru walipunguzwa sana kwa mitego na sumu. Juhudi zilipolegea, wakarudi. Taka walizozifuata zilikuwa bado palepale, na meza haikuondolewa.

Hapo ndipo pipa la Toronto linapostahili kuangaliwa kwa makini. Kufuli lake ni kitasa cha kuzungusha juu ya kifuniko. Binadamu hukibana kati ya kidole gumba na vingine, akazungusha. Rakuni hana gumba la kukutana na vidole vyake, kwa hiyo hutelezesha mikono tu. Akiliangusha pipa ubavu, kifuniko hakiachii. Kinaachia pale gari la taka linapolinyanyua na kulipindua kichwa chini. Wapo rakuni waliofaulu, na kamera ziliwanasa wakilifungua. Hao ni wachache, na jiji halikuhitaji ushindi wa asilimia mia. Lilihitaji chakula cha usiku kipungue.

Najua jibu la madiwani wetu: hatuna dola milioni 31. Sawa, na kunguru hajui kufungua vitasa. Kwake inatosha ndoo yenye kifuniko kwenye kila meza ya kuparua samaki, kizimba kilichofunikwa nyuma ya bucha, na gari la taka linalopita kabla jua halijachomoza badala ya saa sita mchana. Sumu hununuliwa upya kila mwaka, tena huhitaji wataalamu wa kuitega na kuokota mizoga. Kifuniko hununuliwa mara moja, na faida yake inawafikia hata wasiojali ndege: nzi wanapungua, panya wanapungua, kipindupindu kinakosa pa kuanzia. Hoteli za pwani ya kusini ya Kenya nazo zina lao: mgeni anayempa tumbili ndizi mezani leo anamfundisha kumpora mgeni wa kesho, na tumbili huyo ndiye atakayeitiwa askari wa wanyamapori.

Waheshimiwa madiwani wa Mombasa, Malindi, Dar es Salaam na Mjini Unguja, mkiletewa fungu la sumu ya kunguru kwenye bajeti ijayo, waulizeni wataalamu wenu kwanza: taka za soko la samaki huzolewa saa ngapi, na hukaa wazi kwa muda gani? Kama hakuna anayejua, lirudisheni fungu hilo, lije tena likiwa na vifuniko.