Komisionere anakula feza ya bure?



Mwezi uliopita, kisha ibada, ndugu mumoja wa machimbo alinifuata. Amechunga feza miaka sita, sasa anataka kununua lupangu. (Naandika "kununua" na "kuuzisha", maana kwetu mutu akisema "niliuza nyumba", hatujui kama feza iliingia ao ilitoka.) Akasema: "Pasta, mwenye lupangu tunatumika naye pamoja. Komisionere ni wa nini? Atakula tu feza yangu bule."

Sikumucheka. Mimi pia nilisema vile zamani. Nilipotoka masomo ya Biblia, mimi na mama tulinunua lupangu kwa kijana mumoja, bila komisionere. Alikuwa na fishi ya komine, shefu wa kartie akapiga muhuri, tukafurahi. Tulipokwisha kupandisha matofali mpaka kwenye madirisha, mama mujane akafika kutoka kijijini na watoto wane. Lupangu ilikuwa ya marehemu mume wake. Yule kijana alikuwa mutoto wa ndugu ya marehemu tu. Ningeweza kwenda tribinali, lakini ningesimama namna gani kuhubiri juu ya wajane? Tulimwachia. Feza haikurudi, na mama aliuzisha cherehani yake tupate kulipa deni.

Kisha, komisionere wa ile avenue, anayekaa chini ya muti karibu na pompi, aliniambia: "Pasta, ungeniuliza. Ile lupangu iko na kilio ndani, sisi wote tunajua."

Njo ile tunamulipa. Nyumba unaweza kuiona wewe mwenyewe kwa macho. Lakini nani alikufa mule, nani anadai uriti, ni mara ngapi imekwisha kuuzishwa, maji inaingia mwezi gani, hayo huwezi kuyaona. Na katika miji yetu kuko neno lingine: kile kilicho chini. Kule Kasulo, Kolwezi, watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014, na 2017 familia nyingi za sehemu moja zikahamishwa. Komisionere mwenye kukaa pale anasikia habari mbele yako.

Na mwenye kuuzisha pia anahitaji musaada. Mzee wa pansio anayetafuta feza ya dawa anakubali bei ya kwanza, sababu hajui jirani aliuzisha kwa ngapi.

Someni Mwanzo 23. Abrahamu alipotaka pango ya kumuzika Sara, hakumwendea Efroni peke yake. Aliomba watu wa muji wamusemee, na feza, shekeli 400, ilipimwa mbele ya wote kwenye mulango wa muji.

Sisemi makomisionere wote ni wazuri. Kuko wenye kutembeza watu kumi kwenye nyumba moja iliyokwisha kupata mutu, na kila mumoja analipa feza ya kutembea. Kuko wenye kukuficha mwenye nyumba. Hao muwakimbie. Muelewane juu ya komisyo mbele ya kuanza, kwa maandishi, na muilipe kisha kutia sahihi. Halafu umwambie: "Twende wote kwa konservateri." Akianza kukasirika, umekwisha kumujua. Kwa sheria ya 1973 udongo ni wa Serkali, na haki yako inasimama juu ya sertifika ya konservateri. Fishi ya komine haitoshi, mimi nililipa kwa kujifunza ile. Komisionere hawezi kushika pahali pa sertifika, hata akiwa mzee wa kanisa.

Ndugu yetu alikubali, lakini kwa uso wa huzuni. Tulimutafutia baba mumoja anayejulikana kwa ile kazi. Siku ya kwanza tu yule baba alimuuliza mwenye lupangu: "Mama wa nyumba anajua?" Maana sheria ya jamaa ya 1987 inataka mume na muke wakubaliane wote wawili. Mwenye lupangu akaangalia chini. Muke alikuwa Likasi kwa matanga, hakujua kitu.

Feza ingali kwa ndugu yetu. Juma ijayo wanaenda kuangalia lupangu ingine, na safari hii muke wake anaenda nao.