Ethi ya mapambo bafuni

Ukishika mfereji wa bafuni na vidole vikawasha, usicheke eti stima imekusalimia. Stima inavuja na inatafuta njia ya kufika ardhini. Wewe uliyelowa, miguu mitupu kwenye saruji, ndiye njia hiyo.

Tunawaza hasa kuhusu Rhamu, kule Mandera. Mji huo hauko kwenye gridi ya taifa. Stima yake inazalishwa papo hapo, na dizeli ndiyo imekuwa tegemeo. Shawa ya maji moto huenda isiwe na soko kwa joto lile, lakini pampu ya maji ni lazima, na pampu ikiharibika ndani, bomba la chuma huleta stima hadi bafuni.

Fundi huchomeka fimbo ya shaba, huunganisha waya wa kijani na manjano, analipwa, anaondoka. Kwa macho, ethi ipo. Shida ni kwamba ardhi kavu haipitishi stima vizuri. Fimbo ikiwa na ukinzani wa omu 100, volti 240 zitasukuma ampea 2.4 pekee. Swichi ya ampea 20 haitashtuka hata kidogo! Bomba litabaki na stima, likikungoja.

Ndiyo maana nyumba ya huko inahitaji RCD, ile swichi inayokata stima ikivuja miliampea 30 tu. Ina kitufe cha kujijaribu; kibonyeze kila baada ya miezi michache, isipokata ibadilishwe. Fimbo nayo iende chini hadi penye unyevu, au ziwe kadhaa. Kisha mabomba ya chuma yanayoingia bafuni yaungwe pamoja kwa waya hadi kwenye ethi, ili usishike viwili vyenye volti tofauti. Mabomba ya plastiki hayahitaji hayo.

Landilodi atasema ni gharama. Muulize kama fundi wake ana leseni ya EPRA, na kama fimbo ilipimwa kwa mashine au kwa macho. Hata wewe wa ploti ya Eastleigh, uliza.

Vijana wengi ndio mafundi wenyewe, na hatuwalaumu kwa kupima kwa macho ikiwa mashine hawajawahi kuiona. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Mandera ianze kwa kuvinunulia vipimo vya ethi.