Kosa la Thelathini na Mbili

Nilikishika kijitabu kimoja cha wageni wapandao Kilimanjaro, nikasoma kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka digrii 6.5 za Sentigredi, yaani, ati, digrii 43.7 za Farenihaiti. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Ilikuwa vile vile.

Msomaji, tufanye hesabu pamoja, ni fupi. Tuseme Moshi leo ni Sentigredi 30, ambazo ni Farenihaiti 86. Kutoka hapo hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni kupanda mita 5,000 hivi. Kwa kijitabu kile, Mmarekani atakayefika juu atakuta Farenihaiti 132.5 chini ya sifuri. Kule Vostok, Antaktika, Julai 1983, kipimajoto kilisoma 128.6 chini ya sifuri, na hakuna kituo duniani kilichowahi kupima hewa baridi kuliko hiyo. Kumbe Antaktika imeshindwa na Uchaggani! Jibu la haki ni Farenihaiti 27.5, sawa na Sentigredi 2.5 chini ya sifuri. Usiku hushuka zaidi, lakini bado ni baridi ya koti na glavu.

Walizidisha 6.5 kwa 1.8, wakapata 11.7. Hapo ndipo pa kusimama. Wao wakaongeza 32. Lakini 32 ni pale tu maji yanapoganda katika Farenihaiti, ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Ukitafuta tofauti kati ya joto la chini na la juu, yote mawili yamehesabiwa kutoka hapo hapo, na ile 32 inajifuta. Kinachobaki ni ukubwa wa hatua: toka kuganda hadi kuchemka, Sentigredi ni hatua 100, Farenihaiti 180.

Na sisi Waswahili ndio hasa tusio na udhuru. Saa mbili yetu ya asubuhi Mwingereza huiita saa nane. Twaongeza sita bila hata kufikiri. Je, safari ya saa mbili tutamwambia mgeni kuwa ni ya saa nane? Utingo wa basi atatucheka.

Niliwaendea waliokichapa. Kijana mmoja akanipa shikamoo, akasikiliza, kisha akasema, "Lakini mzee, tumefuata kanuni." Naam, waliifuata. Nami miaka mingi nilisimama darasani nikiwaimbisha watoto: zidisha kwa tisa, gawa kwa tano, ongeza thelathini na mbili. Sikuwaambia hata siku moja hiyo thelathini na mbili ni ya nini.

Lakini sikubali kuambiwa kwamba ni jambo dogo. Mwaka 2015, huko Paris, mataifa yalikubaliana kuzuia joto la dunia lisipande kufikia digrii 2 za Sentigredi. Hizo ni 3.6 za Farenihaiti. Mwandishi wa gazeti akiongeza 32 yake, zitakuwa 35.6, na msomaji mwenye akili ataona wataalamu wamerukwa na akili, atalitupa gazeti. Ataacha kuamini lililo kweli kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyeisema.

Kijana aliniahidi kurekebisha toleo lijalo. Nakala yangu nimeikata 43.7 kwa wino mwekundu, nikaandika 11.7 pembeni. Zilizobaki ziko madukani, wageni wanazinunua.