Nambari 42 Ina Sehemu Yetu

Wazazi wangu, ndugu na marafiki mlio nyumbani Kenya,

Katika mzigo niliowatumia kutoka hapa Brooklyn mtakuta fulana za buluu zenye nambari 42 mgongoni na jina la Robinson. Nawasihi msizigawe kabla ya kuisoma barua hii. Najua masoko ya Gikomba na Kongowea yamejaa fulana za Marekani, na mtu huvaa maandishi yoyote mradi bei iwe nafuu. Hizi zina habari yake.

Jackie Robinson alicheza besiboli. Kwa takriban miaka 60 ligi kuu za mchezo huo ziliwafungia mlango watu weusi, wakawa wanacheza katika ligi zao wenyewe. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, papa hapa Brooklyn, mahali ambapo leo pamejengwa majumba ya ghorofa. Alitukanwa, alitumiwa barua za kumtishia maisha, naye alikuwa amemwahidi Branch Rickey, kiongozi wa klabu aliyemsajili, kwamba hatalipiza. Mwaka huo huo akatunukiwa tuzo ya mchezaji mpya bora, na mwaka 1949 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 1997 ligi kuu iliamua kwamba hakuna timu itakayompa mchezaji mwingine nambari 42. Huvaliwa kila tarehe 15 Aprili tu, na siku hiyo huvaliwa na wachezaji wote, ili kumkumbuka.

Hayo Wamarekani wanayajua. Ninayotaka nyinyi myajue ni ya mwaka 1959.

Wakati huo tulikuwa chini ya Mwingereza, na nafasi za chuo kikuu kwa Mwafrika zilikuwa chache mno. Mwanasiasa wetu Tom Mboya alizunguka Marekani akiviomba vyuo vipokee vijana wetu, na vingi vikakubali kuwafadhili. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Mtoto ana barua ya chuo mkononi, ukoo mzima umechanga, na bado hana njia ya kuvuka bahari! Hapo Robinson, pamoja na mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachangie ndege ya wanafunzi. Fedha zikapatikana, na mwezi Septemba 1959 vijana 81 wakatua New York.

Nyumbani nimesikia mara nyingi ndege zile zikiitwa za Kennedy. Wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na msaada huo ulikuwa mkubwa kweli, lakini ulikuja mwaka 1960, ule mwaka ambao mwanamazingira Wangari Maathai alisafiri. Ndege ya kwanza ilikuwa imekwisha kutua. Sioni haki yoyote katika kumshukuru aliyekuja baadaye huku tukimsahau aliyetangulia.

Naguswa zaidi nikifikiria hali ya Robinson. Mwaka 1959 alikuwa amestaafu mchezo, anafanya kazi katika kampuni ya kahawa, na watu weusi wa kwao Kusini mwa Marekani walikuwa bado wananyimwa kura na shule nzuri. Angeweza kusema mzigo wa kwao unamtosha. Badala yake alilitoa jina lake, lile lililokuwa limetukanwa viwanjani, liwaombee fedha vijana wa Kisumu, Nyeri na Machakos ambao hakuwa akiwajua.

Walimu mtakaoisoma barua hii, mkifika kwa Mboya darasani, mtajeni na Robinson. Na kama kijijini yupo mzee aliyepanda ndege zile, fulana ya kwanza mpeni yeye. Kisha kaeni naye na simu iliyowashwa, mrekodi kila anachokumbuka, mapema, kwa maana waliobaki ni wazee sana sasa.

Ni mimi mwana wenu,
Brooklyn, New York