Umuvure Mmoja, Vinywaji Viwili

Urwagwa, pombe ya ndizi ya Rwanda, huanzia shimoni. Mikungu ya ndizi za pombe, zile zenye ukakasi ambazo mpishi hazitii chunguni, hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani, kisha hushushwa ndani ya shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba. Shimo hufunikwa kwa majani na udongo, na moto mdogo wa pembeni hulipatia joto na moshi. Baada ya siku tatu, nne au tano, wanga umegeuka sukari na ndizi zimeiva. Ndizi humenywa, humwagwa kwenye umuvure, yaani chombo kirefu kilichochongwa kwenye gogo kama mtumbwi, na hukandwa pamoja na nyasi ngumu. Nyasi hushika makapi, maji hujitenga, na mikono ya mkandaji hung'aa kwa utamu hadi viwikoni.

Maji hayo huitwa umutobe. Kabla ya jambo lingine lolote kufanyika, mtoto wa nyumbani hupewa kikombe, na bibi asiyekunywa pombe hupewa chake. Kinachobaki ndicho kinachotiwa maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa vizuri na kuwekwa mahali penye joto. Siku mbili tatu baadaye kimechachuka na kuwa pombe.

Msomaji wa Moshi atamtambua ndugu wa mbege, ingawa Wachaga huzichemsha ndizi zao, huzichanganya na kimea cha ulezi, na ukali huuchukua kwenye magome ya msesewe. Burundi pombe ya ndizi huitwa urwarwa, Uganda tonto, na Kivu ni kasiksi. Umutobe nao, kwa nafasi yake mezani, una ndugu upande wa Tanzania: togwa ya nafaka, ambayo mzee wa msikitini huinywa bila wasiwasi.

Jambo linaloifanya pombe hii iwe ya jamii ni kwamba haikai. Hamira zake ni za porini, zimekuja na ndizi, mtama na hewa, na hakuna anayezisimamisha zikishaanza kazi. Baada ya siku chache urwagwa huwa kali, kisha huwa siki. Mtu aliyekamua umuvure mzima hana namna ya kuificha chini ya kitanda na kuinywa peke yake mwezi mzima. Lazima watu waitwe. Bia ya chupa inaweza kusubiri sherehe, lakini urwagwa huipanga sherehe, kwa sababu siku ya kukata mkungu ndiyo inayoamua siku ambayo majirani watakaa pamoja.

Ndiyo maana Wanyarwanda waliijengea adabu nzima. Mwenye nyumba, au aliyeleta pombe, huonja kwanza mbele ya wote. Kitendo hicho huitwa gusogongera, na kilikuwa ushahidi wa wazi kwamba kibuyu hakina sumu. Kisha mrija, umuheha, hupita mkono kwa mkono kwa kufuata umri na heshima. Posa haikamiliki bila pombe: ukoo wa kijana huja nayo siku ya gusaba, na majibizano ya wasemaji wa pande mbili huenda sambamba na vibuyu. Hata kwenye gacaca ya asili, ile ya wazee kukaa kwenye majani kabla haijawa mahakama ya kisheria, aliyekosa alileta pombe na waliogombana waliinywa pamoja mbele ya mashahidi. Kumpa mtu mrija wako kulikuwa kusema kwamba umemwamini.

Kazi nayo ilikuwa na mgawanyo wake. Kukanda ndizi kulikuwa kwa wanaume zaidi, na ikigage, pombe ya mtama, ilikuwa mikononi mwa wanawake, walioloweka nafaka, wakaiotesha, wakaianika na kuisaga kuwa kimea. Mtama ndio pia uliobeba umuganura, sikukuu ya mavuno iliyokuwa chini ya mfalme mpaka utawala wa Kibelgiji ulipoipiga marufuku mwaka 1925. Sikukuu hiyo imerudi katika karne hii na sasa ni siku ya mapumziko nchini kote, Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Bia ya kiwanda ilifika baadaye. Bralirwa ilianzishwa Gisenyi mwaka 1957, na Primus ikawa jina la nyumbani. Mwaka 2010 ikaja Skol na kiwanda chake Kigali. Chupa ilishinda kwa sababu zinazoeleweka: ladha ile ile kila siku, usafi, na muda mrefu wa kukaa dukani. Polepole kreti ikachukua nafasi ya kibuyu katika harusi nyingi za mjini, na urwagwa ikabaki na sifa ya kinywaji cha maskini. Sifa hiyo si ya haki, na imedumu mno.

Huko Ulaya na Amerika mambo yalizunguka kinyume. Viwanda vikubwa vilikuwa vimezifuta bia za mitaa, na kizazi kimoja kikaamua kuzirudisha. Uingereza, wanywaji waliunda chama chao cha kutetea bia ya asili mwaka 1971. Marekani, kiwanda kidogo cha New Albion kilifunguliwa California mwaka 1976, na mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyofungua njia ya watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao. Kutoka hapo vikaja viwanda vidogo kwa maelfu, pamoja na matamasha ambako mpishi husimama nyuma ya meza yake na kumweleza mnywaji shayiri imetoka wapi. Hata tamasha kongwe la Oktoba la Munich, ambalo dunia nzima hulijua kwa bia, lilianza mwaka 1810 kama sherehe ya harusi ya mwana wa mfalme, likiwa na mbio za farasi. Harusi ilitangulia, bia ikafuata, na mzee wa Kinyarwanda hawezi kuona ajabu yoyote katika mpangilio huo.

Mkondo huo umefika Afrika Mashariki kwa njia ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na Kigali nayo imepata Kweza, kiwanda kidogo kinachoongozwa na wanawake, kilichoanza kwa ushirikiano na kampuni ya Beau's ya Ontario, Kanada. Wapo waliouchukulia uongozi wa wanawake kuwa jambo geni. Anayemkumbuka bibi yake akianika kimea cha mtama kwenye mkeka hataona ugeni. Wanawake hao wamerudi kwenye kazi iliyokuwa yao tangu zamani.

Hapa ndipo Biryogo inapoingia, na inaingia kwa mlango usiotarajiwa, maana ni mtaa wa Waislamu jijini Kigali. Jiji lilianzishwa mwaka 1907 kama kituo cha Wajerumani chini ya Richard Kandt, na askari, wapagazi na wafanyabiashara waliotoka pwani walikuja na Kiswahili na Uislamu. Msikiti wa Al-Fatah, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini, ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji waliwatenga Waswahili katika makazi yao, na kutengwa huko ndiko kulikoufanya mtaa uwe na lugha yake, mapishi yake na desturi zake za kukaa barazani. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, familia nyingi za Biryogo zilificha watu majumbani mwao. Mwaka 2017 Kiswahili, lugha iliyodharauliwa muda mrefu kama ya madereva na wachuuzi, kikawa lugha rasmi ya Rwanda.

Mwaka 2021, migahawa ikiwa bado imebanwa na masharti ya Uviko, jiji lilifunga barabara ya Biryogo kwa magari. Lami ikapakwa rangi, meza zikatoka nje, na mtaa ukawa ukumbi. Jioni, baada ya Magharibi, moshi wa mishikaki na samaki hutanda juu ya viti vya plastiki. Chai huja katika bilauri ya kioo: ya kijani, shina la nanaa limesimama ndani na majani yake yamelowa, sukari imetua chini na haijakorogwa. Mnywaji huishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya moto. Atakaa na bilauri hiyo saa nzima, na hakuna mhudumu atakayemsogelea kumkumbusha kuagiza nyingine.

Migahawa mingi ya hapo haiuzi pombe, na bado watu hujaa, wakiwemo wasio Waislamu wanaotoka mitaa ya Remera na Kimironko. Kwa macho ya anayejua matamasha ya bia, kila kitu kipo: meza ndefu, wageni wanaoketi karibu na wasiowajua, mpishi anayeonekana, chakula cha moto, na mtaa wenye jina lake. Kinachokosekana ni kileo, na hakuna anayeonekana kukitafuta. Baa nazo haziko mbali, eneo la Nyamirambo limejaa, na wengine huanza huku na kumalizia kule.

Biryogo inawafundisha wapika bia wa Kigali zaidi ya kitabu chochote cha hopsi. Umuvure haukuwahi kuwa wa wanywaji peke yao. Ulitoa vinywaji viwili, kwa mfuatano, kutoka mkungu uleule, na asiyekunywa pombe alihudumiwa kwanza. Leo katika sherehe nyingi za mjini asiyekunywa huwekewa soda kama mgonjwa aliyeandaliwa uji pembeni. Umutobe ungemweka katikati ya meza, maana anakunywa kilichokandwa na mikono ileile, kwa ajili ya siku ileile.

Mpaka kati ya vinywaji hivyo viwili si mgeni kwa Waislamu. Fiqhi inaujua vizuri kutoka kwa nabidhi, maji yaliyolowekwa tende au zabibu. Sahih Muslim inapokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alilowekewa, akanywa siku ile na zilizofuata hadi ya tatu, na kilichobaki baada ya hapo kikamwagwa. Kinacholevya ni haramu, kikiwa kingi au kidogo, na muda ndio unaofanya kazi. Mkandaji wa umutobe anayetaka kuuza Biryogo anapaswa kuichukua hesabu hiyo kwa uzito mkubwa: akamue asubuhi, auchemshe ili kuziua hamira, auweke kwenye baridi, na asiruhusu povu. Mfungaji anayefuturu mwezi wa Ramadhani hawezi kubahatisha kwenye bilauri yake.

Upande wa pombe nao una madeni yake. Urwagwa ya mpishi huyu na ya yule hutofautiana mno kwa nguvu, na mnywaji hana njia ya kujua. Wapo wanaoharakisha kwa sukari na vitu vibaya zaidi, na waliokufa au kupofuka kwa vileo vya magendo kote Afrika Mashariki hawasahauliki. Kanyanga, pombe kali ya kienyeji, imepigwa marufuku Rwanda, na ni sawa. Mrija mmoja wa watu wengi umepigwa vita na viongozi wa mitaa kwa ajili ya afya, na hapo adabu ya zamani lazima ikubali: kila mtu na kikombe chake. Mwaka 2023 serikali ilianzisha kampeni ya kupunguza unywaji na kuweka saa za kufunga baa, saa saba usiku siku za kawaida na saa nane wikiendi. Tamasha la bia linalopuuza haya yote halistahili kufungiwa barabara.

Tiba ya urwagwa duni ni mpishi aliyefunzwa, na hapo viwanda vidogo vina msaada wa kutoa. Wapika bia wa viwanda hivyo wanajua kupima nguvu, kuosha vyombo, kutenga hamira moja na kuilea. Wakikaa siku kadhaa na wakandaji wa vijijini, pande zote mbili zitatoka na jambo jipya. Shayiri na hopsi husafiri mbali kufika Kigali, ilhali mtama na ndizi ziko mlangoni.

Ndizi zenyewe, hata hivyo, ziko mashakani. Mnyauko wa bakteria, ambao wakulima huuita kirabiranya, umefyeka migomba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na aina ya pombe iitwayo gisubi ni miongoni mwa zinazoshambuliwa kwa urahisi, kwa kuwa wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua la dume la mgomba mmoja hadi mwingine. Kinga ni ya mikono: ua hilo huvunjwa mapema kwa kijiti chenye panda, bila kisu, maana kisu chenyewe hueneza ugonjwa. Mgomba ulioshikwa hung'olewa pamoja na kisiki chake, na mkulima husubiri kabla ya kupanda tena mahali pale.